Hewa Isiyo na Kibali

Kwa niaba ya Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuchunguza Kuzimika kwa Lori, nina heshima kubwa kuwatangazia wananchi wote kwamba lori limeacha kuzimika. Mafanikio haya ni ya kwanza ya aina yake katika uwanda mzima wa Ufipa. Yamepatikana chini ya uongozi wa busara wa Kamati, ingawa saa yalipopatikana Kamati yenyewe ilikuwa imekaa kando ya barabara, mvuani, haina namna ya kurudi mjini. Hilo nitalieleza kwa utaratibu, maana mimi ni mtu wa utaratibu.

Naitwa Asajile, Katibu wa Kamati. Nilikuja Sumbawanga kutoka Mbeya mwaka 1974, mkoa ulipozaliwa, nikiwa na mashine ya chapa moja, faili tupu arobaini, na koti la kuzuia baridi ya Ufipa ambalo halikuizuia. Mwenyekiti wetu, Ndugu Mbonile, naye ni wa huko huko kwetu. Kabla ya kupewa uchukuzi wa mazao alikuwa mtu wa vifurushi posta kwa miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha lakiri, ile nta nyekundu, kuidondosha kwenye fundo la kamba, na kuigonga muhuri kabla haijapoa. Kwa hiyo Ndugu Mbonile haamini kitu ambacho hakijatiwa lakiri. Kabati la faili lina lakiri. Debe la sukari ya ofisi lina lakiri. Mkewe alinidokeza siku moja, pale kwao Katandala, kwamba hata chungu cha nyama hulala na lakiri, na anayetaka mchuzi asubiri baba arudi.

Mjumbe wa tatu na wa mwisho ni Ndugu Clemens, mtunza bohari, Mfipa wa hapa hapa, mtu mpole ambaye hutunza ule muhuri wa shaba kwenye mfuko wa shati. Wajumbe ni watatu na akidi ni watatu. Mwenyekiti ndiye aliyeiweka hivyo. Alisema akidi ndogo ndiyo mwanzo wa udikteta.

Sasa nije kwenye lori. Mwaka 1976 ofisi yetu ilikuwa na lori moja la tani saba, la dizeli, na dereva mmoja, Zenon, mzaliwa wa Mpui. Darasa la nne, maneno machache, na mikono inayonuka dizeli hata akitoka kanisani. Kule Mpui kulikuwa na magunia sabini ya mahindi, akiba ya chakula ya kijiji kizima, yamepangwa juu ya magogo mahali pa wazi tangu Julai. Wanakijiji walikuwa wamehamishiwa pale barabarani wakaishi kijamaa, na ghala walishajengewa, isipokuwa paa. Paa lilikuwa linashughulikiwa. Hivyo iliamuliwa magunia yaletwe bohari ya mjini, yakae chini ya bati mpaka Februari, mwezi ambao njaa hubisha hodi milango yote. Yalitakiwa yaondoke kabla ya mvua ya kwanza. Mahindi yakinyeshewa huota, na yaliyoota hayaliwi. Kila mtu alilijua hilo, hata sisi.

Dizeli, kama mnavyokumbuka, ilikuwa adimu, na redio ilituhimiza kubana matumizi asubuhi na jioni. Mwenyekiti akaenda kulikagua lori yeye mwenyewe. Akazunguka, akapiga teke tairi, akafika kwenye tangi, akasimama. Mfuniko wa tangi ulikuwa na kitundu katikati, chembamba, cha kupita sindano.

"Unaona, Katibu?" alisema. "Kiwanda kizima huko Ulaya, wasomi watupu, wamesahau kuziba tundu."

"Wamesahau au wamekusudia?" niliuliza, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siasa.

Akanitazama kwa heshima mpya. "Mabeberu," alisema.

Siku hiyo hiyo aliyeyusha lakiri kwenye mshumaa. Akaijaza ndani ya kitundu, kisha akaizungusha ukingoni mwote, mahali mfuniko unapokutana na shingo ya tangi. Clemens akagonga muhuri. Hata harufu haikutoka. Mimi niliandika Waraka Na. 1: lakiri ya tangi haitavunjwa na mtu yeyote isipokuwa Kamati, ikiwa imeketi na akidi imetimia. Ili tusionekane tunafanya mambo kienyeji, nilikisoma pia kile kitabu cha lori. Ukurasa wa arobaini na moja unasema wazi kwamba hewa ni adui wa injini ya dizeli, na kwamba ikiingia kwenye mabomba, injini itazimika. Nilimsomea Mwenyekiti. Alifurahi sana. Lakiri yake ilikuwa inazuia wezi na adui kwa pamoja.

Kesho yake lori likaenda Mpui. Lilizimika maili ya kumi na mbili.

Habari ililetwa na mtu wa baiskeli. Kamati nzima ikapanda Landrova ya ofisi na kwenda. Tulimkuta Zenon amesimama kando ya lori, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Limefanya nini?"

"Limekohoa, limelegea, limezima. Mafuta yamo, lakini hayafiki kwenye injini."

"Nani kakwambia yamo?"

"Nilijaza mwenyewe jana, na nyie mpo."

"Huo ni ushahidi wa mtuhumiwa," alisema Mwenyekiti. "Kamati itapima."

Tukafungua kikao pale pale barabarani, saa tano na robo. Akidi ilitimia. Lakiri ikavunjwa kwa mujibu wa Waraka, mfuniko ukafunguliwa, na tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, mpaka nyasi zilizokuwa karibu zikainama. Niliandika kwenye muhtasari kwamba tangi lilionyesha kufurahishwa na ujio wa Kamati. Tukatumbukiza kijiti, tukapima. Dizeli ilikuwepo yote. Mfuniko ukarudishwa, lakiri ikatiwa upya, muhuri ukagongwa, kikao kikafungwa.

"Washa," Mwenyekiti aliamuru.

Zenon akawasha. Likawaka mara moja, likanguruma kwa afya njema kabisa.

Tulitazamana. Sitasahau uso wa Mwenyekiti dakika ile. Ulikuwa wa mtu ambaye maisha yake yote alishuku kwamba ana uwezo fulani, na leo ameuthibitisha.

"Lori linaogopa Kamati," alisema polepole.

"Mwenyekiti," alisema Zenon, "si woga. Ni ule mfuniko. Mmeufungua, umepata hewa."

"Dereva, wewe umesoma ukurasa wa arobaini na moja?"

"Sijausoma."

"Basi."

Kwa kuwa kibali cha safari kilikuwa kinaisha saa kumi, lori liligeuza na kurudi mjini bila kufika Mpui. Lilikata roho kwenye geti la bohari, lakini kwa sababu lilikuwa limeshafika, Kamati ilihesabu kwamba limeegeshwa.

Wiki iliyofuata likaenda tena. Likazimika pale pale, maili ya kumi na mbili. Kamati ikaenda, ikaketi, ikavunja, ikapima, ikatia lakiri, na lori likawaka. Likarudi tena mjini, maana saa kumi ilikuwa inakaribia. Mwenyekiti alikuwa na hakika sasa. Kwa nini injini inawaka Kamati ikiwepo na kuzima Kamati isipokuwepo? Kwa sababu kuna mtu anaizima. Na aliyekuwepo mara zote mbili ni nani? Zenon. Wakati huo neno hujuma lilikuwa redioni kila siku, na kila ofisi iliyojiheshimu ilikuwa na mhujumu wake. Sisi hatukuwa naye. Kusema kweli ilikuwa inatutia aibu kwenye mikutano ya mkoa.

Zenon, kwa upande wake, alifuata ngazi. Aliniandikia barua, nami bado ninayo: "Ndugu Katibu, mfuniko wa tangi unahitaji hewa. Naomba kile kitundu kizibuliwe ili mahindi ya Mpui yafike kabla ya mvua. Wako mtiifu, Zenon." Nilimjibu ndani ya siku tisa, jambo ambalo ni rekodi. Nilimweleza kwamba hewa haimo katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuingia kwenye tangi la Serikali. Endapo anaihitaji, ajaze fomu ya maombi, nakala tatu, akitaja kiasi, chanzo na madhumuni.

Alijaza. Kiasi: "ya kutosha." Chanzo: "iliyopo." Madhumuni: "lori liende." Nililazimika kuirudisha kwa sababu haikuwa na sahihi ya mgavi.

Ndipo Kamati ikamwita ajieleze. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri na kutawanyika, yakijaribu. Zenon hakuja peke yake. Alikuja na Mama Marsiana, mwenyekiti wa akina mama wa Mpui, aliyetembea na kudandia mpaka mjini kuuliza habari za magunia. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Mmetuambia tuhame, tumehama," alisema kabla hajaketi. "Mmetuambia tulime kwa pamoja, tumelima. Mmetuambia tusigawane, tuweke pamoja, tumeweka. Sasa yako pamoja, nje, na mawingu hayo hapo. Yakioza nitawapikia watoto nini, waraka?"

"Mama, suala lako linashughulikiwa," nilisema.

"Kama paa?"

Mwenyekiti aliagiza chai iletwe ili kupunguza joto la kikao. Ni desturi yake kutengeneza chai mwenyewe. Alichukua kopo la maziwa, akachukua msumari na jiwe la kubania karatasi, akatoboa kopo matundu mawili, moja upande huu na jingine upande ule, kama afanyavyo siku zote. Maziwa yakamiminika vizuri, uzi mmoja, bila kukatika. Zenon alilitazama lile kopo. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, nikaandika pembeni kwamba mtuhumiwa ana tamaa.

"Mwenyekiti," alisema mwishowe, "hilo tundu la pili ni la nini?"

"Tundu gani?"

"La kopo. Maziwa yanatokea hili. Lile la pili ni la nini?"

"Dereva, hapa tunajadili lori!" Mwenyekiti aligonga meza mpaka chai ikamwagika. "Unahojiwa kuhusu hujuma, unaleta habari za maziwa. Mtu ana watoto wanne na bado anafanya mchezo!"

Zenon akainamisha kichwa. Nakiri kwamba kidogo moyo wangu uliguswa. Mtu yule alikuwa anaogopa. Vidole vyake vilikuwa vinaizungusha kofia, vinaizungusha, na jasho lilimtoka katika baridi ile. Lakini moyo wa Katibu si sehemu ya muhtasari.

Kamati iliazimia kwa kauli moja mambo mawili. Kwanza, dizeli ya safari inayofuata iwe nusu tangi, kupunguza kishawishi. Pili, itolewe Waraka Na. 3, ambao nauandika hapa neno kwa neno kwa sababu niliutunga mimi na bado nauona mzuri: "Chombo chochote chenye lakiri ya Kamati kikizimika njiani, kila aliyekuwa ndani yake ni mhujumu mpaka Kamati iketi, akidi ikiwa imetimia, na kuamua vinginevyo. Mhujumu hataketi kwenye Kamati." Ile sentensi ya mwisho ilikuwa tahadhari tu. Fomu nayo nikaitengeneza, Fomu ya Kuzimika. Swali la nne: jina la aliyekuwa akiendesha. Swali la tisa: je, ni mhujumu? Jibu Ndiyo.

Na ili kuonyesha mfano, maana kiongozi ni kioo, Mwenyekiti akaagiza Landrova yake nayo itiwe lakiri. Ilikuwa na kitundu kile kile kwenye mfuniko. Mabeberu hawachoki.

"Safari hii likizima," alimwambia Zenon wakati Mama Marsiana anapanda kwenye lori kurudi kwao, "usirudi kwangu. Nenda moja kwa moja polisi, utanikuta huko."

Hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe mbili Novemba, asubuhi.

Baada ya saa sita mchana akaja yule mtu wa baiskeli, mweupe kwa vumbi. Lori limezima. Safari hii, likiwa na nusu tangi ya dizeli na nusu ya hewa, lilikuwa limefika mbali, lilipita maili ya kumi na mbili likaenda zaidi, likazimikia kwenye makaburi ya Mpui, linayaona magunia. Mwenyekiti alisimama, akavaa koti.

"Twende tukamkamate."

"Clemens hayupo," nilisema. "Ni Siku ya Marehemu. Yuko kwenye misa, na baada ya misa wanakwenda kubariki makaburi. Dereva wa Landrova pia."

Mwenyekiti na mimi ni watu wa dhehebu jingine, na kalenda ya Wakatoliki huwa inatushtukiza. Ukiamka ukakuta mji mzima umevaa vizuri na hakuna wa kukubebea faili, ujue ni sikukuu ambayo hukuambiwa.

"Clemens wa nini?" alisema. "Kukamata hakuhitaji akidi. Kufungua mfuniko ndiko kunakohitaji akidi. Nitaendesha mwenyewe."

Aliendesha mwenyewe. Upepo ulikuwa umekata na upande wa Mpui anga ilikuwa nyeusi kabisa. Nilikuwa nimepakata Fomu ya Kuzimika, nakala tatu, na chupa ya chai, na kopo la maziwa, maana kukamata kunaweza kuchukua muda. Tulikuwa tunazungumza namna tutakavyolitamka jambo hili kwenye mkutano wa mkoa wakati Landrova ilipokohoa.

Ililegea. Ikazima.

Ilikuwa maili ya tisa. Landrova ina tangi dogo.

Mwenyekiti alijaribu kuiwasha. Alijaribu tena. Alishuka, akapiga teke tairi, akarudi, akajaribu tena. Kisha matone ya kwanza yakaanza kugonga boneti, makubwa, yaliyotengana, na tukajifungia ndani.

Nilifikiria magunia sabini juu ya magogo. Naapa nilifikiria magunia, kwa mara ya kwanza nadhani, siyo kama idadi. Nilimwona yule mama na sauti yake. Nikajisikia vibaya, na kwa kuwa sijui la kufanya mtu akijisikia vibaya, nikapendekeza chai.

Mwenyekiti alichukua kopo na msumari. Akatoboa tundu moja. Akatoboa la pili.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mwenyekiti, lile la pili ni la nini?"

"La kuingizia hewa," alisema bila kufikiri. "Ukitoboa moja, maziwa hayatoki. Hewa isipoingia nyuma, kitu hakitoki mbele. Hata mtoto anajua."

Maziwa yalimiminika, uzi mmoja, bila kukatika. Akawa anamimina na kumimina, kikombe kikajaa, kikafurika, yakamwagikia suruali yake, na bado hakuacha. Mvua ilikuwa inapiga bati la Landrova. Taratibu, Ndugu Mbonile akageuza kichwa na kutazama nyuma, upande wa tangi.

"Katibu."

"Mwenyekiti."

"Vunja lakiri."

Hapa naomba wasomaji wanielewe. Mimi nilikuwa nayajua yote kwa wakati ule, kama ninavyoyajua sasa. Mkono wangu ungeweza. Lakini Waraka Na. 1 niliuandika mimi, na adhabu ya kuvunja lakiri bila akidi niliiandika mimi, katika Waraka Na. 2, na niliiandika kali.

"Hatuna akidi, Mwenyekiti," nilisema. "Tuko wawili."

"Asajile, mimi ndiye Kamati!"

"Ulisema akidi ndogo ndiyo mwanzo wa udikteta. Imo kwenye muhtasari."

Akanitazama mtu yule, sijapata kutazamwa hivyo. Kisha akaweka kikombe kwenye dashibodi, akafunika uso kwa viganja. Tukakaa. Gari zima, mafuta tele, betri nzima, na kucha yangu moja tu ingetosha kuibandua ile nta. Tukakaa saa nzima na nusu.

Tulilisikia lori kabla ya kuliona. Lilikuja kutoka upande wa Mpui, taa zinawaka mchana ule wenye giza la mvua, limebeba mzigo mpaka juu, turubai limefungwa vizuri kila upande kwa kamba. Halikukohoa. Likasimama mbele yetu, injini inaendelea kunguruma, na Zenon akashuka. Mama Marsiana alikuwa ameketi mbele, kanga kichwani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Ndugu Mbonile alishusha kioo kidogo. "Marahaba. Hayo ni magunia?"

"Yote sabini. Tumemaliza kuyafunika ndiyo mvua inaanza."

"Na lakiri?" nilipaza sauti kutoka upande wangu, kwa kuwa ni kazi yangu.

Zenon alisogea, akaonyesha kwa kidole. Kwenye shingo ya tangi la lori, mahali pa mfuniko, palikuwa pamechomekwa gunzi la hindi.

"Gunzi linapumua," alisema.

"Nani kavunja lakiri ya Kamati?" aliuliza Mwenyekiti. Sauti yake haikuwa na nguvu tena. Aliuliza kwa mazoea.

Mama Marsiana akateremka, mvua na yote, akaja mpaka dirishani. Alitoa kwenye kanga karatasi iliyokunjwa mara nne, ya daftari la shule.

"Zenon aligoma kuigusa," alisema. "Alisema ana watoto wanne. Aliketi chini kando ya lori, akasema kama ni kufungwa acha afungwe, lakini lakiri haigusi bila kikao. Sisi tulikuwa makaburini hapo hapo, kijiji kizima, tunaombea wafu wetu. Nikasema, kumbe kinachotakiwa ni kikao? Basi watu si hawa. Tukaketi juu ya nyasi. Mkutano mkuu wa kijiji, watu arobaini na mmoja, akidi imetimia na kupita. Tumepiga kura. Waliosema ivunjwe, arobaini. Mmoja ni Bibi Silvana, hasikii vizuri, tukamweleza, naye akanyoosha. Nikaivunja mimi kwa jembe. Muhtasari huu hapa, na vidole gumba vyote. Mlisema madaraka ni ya wananchi. Mlituletea mpaka bango."

Nilichukua karatasi ile nikaisoma. Nimekuwa katibu wa kamati hii na ile, huko Mbeya na hapa, kwa miaka tisa, na naweza kusema bila wivu kwamba ulikuwa muhtasari safi. Una tarehe, mahali, mahudhurio, ajenda, azimio, na mengineyo. Katika mengineyo wameandika: "Kijiji kinaiombea Kamati."

"Mmefungua mfuniko wenu?" Zenon aliuliza. Hakuuliza kwa dhihaka. Hilo ndilo lililoniuma.

"Hatuna akidi," alisema Ndugu Mbonile.

Zenon alifikiri. "Basi pandeni."

Mwenyekiti alielekea mlango wa mbele, lakini Mama Marsiana alikuwa ameshapanda na kukaa, na hakuonyesha dalili ya kujisogeza. Kwa hiyo uongozi wa uchukuzi wa mazao ulipanda juu, ukajipenyeza chini ya turubai, ukalala kifudifudi juu ya magunia ya wananchi. Yalikuwa makavu. Yalikuwa na joto zuri na harufu ya nyumbani. Tulipita mjini watu wanatoka makaburini na maua, na kila aliyeinua macho aliona viatu vinne vya ofisini vimechungulia kwenye turubai. Mtu mmoja alivisalimia.

Bohari ilikuwa wazi. Clemens alikuwa ameshatoka misani, anapokea mzigo, gunia moja moja, akiyapapasa kama yana unyevu. Hakuna hata moja. Mama Marsiana aliyahesabu tena mwenyewe, kisha akakaa juu ya gunia la mwisho, akalia kidogo, akafuta uso, akauliza kama kuna chai.

Yangeweza kuishia hapo. Lakini Waraka Na. 3 tulikuwa tumeshautuma juu uombewe baraka, na wiki ile ile ukajibiwa kwa simu ya maandishi: WARAKA MZURI SANA UTEKELEZWE BILA KUJALI CHEO WALA SURA. Clemens aliniletea Fomu ya Kuzimika akiwa ameivuta mwenyewe kwenye kabati. Ni mtu mpole. Aliweka kalamu kando yake.

"Katibu," alisema, "nisaidie. Landrova ilikuwa na lakiri?"

"Ilikuwa nayo."

"Ikazimika njiani?"

"Ikazimika."

"Ndani alikuwemo nani?"

Nilijaza kwa mwandiko wangu bora. Swali la nne: Ndugu Mbonile. Abiria: Ndugu Asajile. Swali la tisa lilikuwa na nafasi ya neno moja tu, na jibu lenyewe nilikuwa nimeshalichapa.

Hivyo Mwenyekiti na mimi ni wahujumu mpaka Kamati iketi na kuamua vinginevyo. Kamati haiwezi kuketi kwa sababu wahujumu hawaketi, na tukiondolewa sisi amebaki Clemens. Mwenyekiti yuko kwake Katandala. Mkewe anasema mchuzi sasa unapatikana saa yoyote. Mimi nimepewa kijistuli nje ya mlango wa ofisi iliyokuwa yangu, ninasubiri, na nimeandika taarifa hii ili wakubwa waijue hali. Zenon naye ni mhujumu kwa Waraka huo huo, lakini Waraka unakataza kuketi tu, haukatazi kuendesha, hivyo hupita kila asubuhi na lori lake na gunzi lake. Husimama, huvua kofia, hunisalimia, na huniuliza kama kuna ujumbe wowote wa kupeleka Mpui. Sijapata kuwa nao.

Clemens hufuata utaratibu, sina cha kumlaumu. Saa tatu kamili hufungua kikao. Huita majina, huona akidi haijatimia, huandika, na saa tatu na dakika tano hukiahirisha mpaka kesho. Kisha huchukua msumari, hutoboa kopo matundu mawili, na hunywa chai yetu.